Mwaka Niliozaa Siku ya Alhamisi

Tulimzika mama mkwe wangu mwezi uliopita huko Laare, Meru, na kabla hata udongo haujakauka juu ya kaburi nilikuwa nimeshaulizwa mara tatu. Wa kwanza alikuwa msichana mmoja wa jikoni, tukimenya viazi chini ya hema. "Aunti, ni ukweli wewe ulizaa bila kulia?" Wa pili alikuwa mke wa pasta. Wa tatu alikuwa mwanamke nisiyemjua kabisa, akanishika mkono, akaugeuza upande huu na huu kama mtu anayenunua kuku, akasema, "Kumbe ni wewe." Mimi nikaendelea kumenya viazi. Marehemu mwenyewe, tangu mwaka ule uishe, akiulizwa alikuwa akijibu hivi tu: "Mwulizeni mwenyewe." Na mimi nikiulizwa nilikuwa natafuta mahali pa kwenda. Sasa amelala, na mimi nimefika umri ambao aibu imechoka kunifuata, kwa hiyo wacha niseme. Nilidungwa sindano. Sindano ya mgongo, ile ya ganzi, ile madaktari wanaiita epidura. Kutoka kiunoni kwenda chini nilikuwa gogo. Ungenikata kidole cha mguu ningekuuliza ni cha nani. Haya, nimesema.

Ili mtu aelewe kwa nini jambo hili ni kubwa, ni lazima ajue kwamba kule kwa mume wangu mwanamke akizaa hatazamwi, anasikilizwa. Wanawake wa ukoo hukaa nje ya mlango na vikombe vya uji mkononi, wametega masikio. Mtoto akishatoka, swali la kwanza si mvulana au msichana. Swali ni, "Alilia?" Na anayeulizwa habari zake ni mama, si mtoto. Aliyelia hupungua kidogo machoni pa watu, na mama yake mzazi hupungua pamoja naye; aliyenyamaza hutajwa hadi sokoni. Mama mkwe alikuwa amezaa saba na hakuna aliyesikia hata mguno, na hilo alikwambia kabla ya kukuuliza unaitwa nani. Mimi nami nimetoka Majimbo, Embu, kwa mama ambaye hadi leo hujisifu kwamba siku aliyonizaa, mwenye duka la ng'ambo ya barabara alifunga milango akidhani kuna moto. "Uchungu ni wa kutolewa nje," husema mama yangu. "Ukiuweka ndani utaupeleka wapi?" Kwa hiyo mama mkwe alikuwa na shaka na mimi tangu harusi. Kwa miaka miwili hakuwahi kulitaja jina langu, Muthoni. Nilikuwa "huyu wa Embu." Huyu wa Embu amekuja. Mpeni chai huyu wa Embu. Watu wa Embu, alikuwa akimwambia mwanawe Mutwiri nikiwa hapo hapo, ni wazuri lakini ni laini, wakiguswa wanalia. Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba, kwa upande wangu, alisema kweli.

Mimi ni fundi wa nguo. Mwaka huo nilikuwa na chumba cha kushonea nyuma ya nyumba tuliyopanga Kinoru, mjini Meru, chumba chenye dirisha moja, cherehani mbili, kioo kirefu chenye ufa, na benchi ambalo wateja walikuwa wameligeuza baraza. Nilishona sare za kina mama wa kanisa, na kina mama wakishavua blauzi ili wapimwe, hufungua na mengine yote. Walipoliona tumbo langu ndipo walipokolea. Mmoja alizaa akiuma chuma cha kitanda, na alama za meno ziko hadi leo, nenda ukaone. Mwingine alishikwa siku mbili, na siku ya pili akaanza kumwona marehemu nyanya yake akimpungia mkono. "Lakini sikulia!" akamaliza. Wote hao hawakulia. Mimi nimepiga magoti pale chini napima pindo, pini sita mdomoni, nashindwa hata kusema woi. Mimi ni mwoga, na sijawahi kumficha mtu isipokuwa mama mkwe. Nilipotobolewa masikio nilizimia. Ndipo siku moja akaja mteja anayefanya kazi benki, mwanamke wa kucha ndefu, kupunguza sketi. Akawasikiliza wale kina mama hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mimi nilidungwa sindano ya mgongo. Nilikuwa nasoma gazeti." Benchi lote likamgeukia. Alipoondoka wakamsema mpaka chai ikapoa. "Huyo hakuzaa," wakakubaliana. "Huyo aliletewa mtoto." Mimi sikutia neno, lakini namba ya simu ya yule mama wa benki nilikuwa nimeshaiandika kwenye karatasi ya vipimo vyake.

Hospitali yenyewe ilikuwa ya kibinafsi, na bima ya kazini kwa Mutwiri ilikubaliwa pale. Shida ilikuwa moja tu. Daktari wa ganzi alikuwa akitoka Nairobi, anakuja Jumanne na Alhamisi, na ikifika saa kumi jioni anaingia kwenye gari lake anarudi. Wauguzi walimwita Daktari Alhamisi, kwa sababu Jumanne hakukosa sababu ya kuchelewa. "Ukishikwa Ijumaa," sista mmoja aitwaye Gakii aliniambia, akinifunga kile kitambaa cha kupima presha, "wewe ni wa Mungu." Nikaamua kuzaa Alhamisi. Watu hucheka nikisema hivyo, lakini niliamua, kama mtu anavyoamua kwenda sokoni siku ya soko. Wiki mbili za mwisho, ikifika Jumatano mchana, nilivaa raba za Mutwiri, maana zangu zilikuwa zimekataa miguu, nikaenda kuzunguka uwanja wa Kinoru nje ya ukuta huku nikila nanasi. Mtu aliniambia nanasi humharakisha mtoto. Siku nyingine zote nilijilaza bila kutikisika, hata ngazi za kanisa nilikataa kupanda. Jumatano ya kwanza, hakuna kitu. Jumatano ya pili nilizunguka mara nne, hadi bawabu wa uwanja akanitolea kiti akasema, "Mama, tafadhali, usizalie hapa, leo niko zamu peke yangu." Alfajiri ya kesho yake uchungu ukanishika. Alhamisi! Nilisimama katikati ya chumba nikamshukuru Mungu, kisha ukaja wa pili, nikasahau nilikuwa nashukuru nini.

Nitasema ukweli kuhusu huo uchungu wa kabla ya sindano, maana ndio pekee ninaoujua. Kwa saa nne nililia. Nililia kwa Kiembu, kwa Kiswahili na kwa Kimeru kidogo nilichokuwa nimejifunza, nikamwita mama yangu, nikamtukana Mutwiri na ukoo wake wote waliolala na walio macho. Yeye alikuwa akisema "pole" tu, mpaka nikamwambia akilirudia neno hilo nitarudi Majimbo na hilo tumbo. Daktari alifika saa tatu, mtu mfupi, mtulivu, amevaa sweta ya kufumwa. Akaniketisha ukingoni mwa kitanda, akaniambia niukunje mgongo kama paka aliyekasirika, na nisitikisike. Usitikisike, na uchungu umekushika! Sista Gakii akanikumbatia kwa mbele, nikaweka paji la uso begani mwake, nikasikia baridi mgongoni, kisha kitu kama umeme mdogo kwenye mguu wa kushoto. Baada ya muda miguu ikapata joto, ikawa mizito, ikawa ya mtu mwingine. Kulikuwa na mashine pembeni inayouchora uchungu kwenye karatasi. Mstari ukapanda mlima mkubwa, nami nimekaa nautazama. "Huo ni wangu?" nikauliza. "Ni wako," sista akasema. "Haiya!" Nikaomba chai na chapati. Wakanikatalia, wakanipa maji.

Mama mkwe alifika saa sita kutoka Laare, na kibuyu cha uji wa wimbi, na kina mama wawili wa kanisa kama mashahidi. Wakakaa kwenye benchi nje ya mlango wa leba. Mutwiri, ambaye alikuwa ametia sahihi karatasi ya sindano kwa mkono wake mwenyewe, akakaa katikati yao. Wakasikiliza saa moja. Kimya. Saa ya pili. Kimya. "Kwani ameanza?" mama akauliza. "Ameanza," Mutwiri akasema. "Njia imefika sentimita nane." Mmoja wa wale kina mama akaanza kuomba kwa sauti ya chini, akidhani nimekufa. Ndani, mimi nilikuwa namweleza Sista Gakii jinsi ya kukata sketi ya marinda. Wakati wa kusukuma ulipofika ilibidi niambiwe, nami nikasukuma kwa kukisia tu. Walikuwa wameniinua mgongo, kwa hiyo niliona kila kitu. Kichwa kikatoka, kikageuka, nikautazama uso, na ule uso ulikuwa umekunjamana vile vile kabisa kama mama mkwe akionjeshwa chai isiyo na sukari. Nikacheka. Nilicheka kwa nguvu, sikuweza kujizuia, na kicheko hicho ndicho kitu cha kwanza walichosikia nje.

Mama mkwe aliponijia kitandani nilikuwa nimeshajiandaa kusema. Nilikuwa na maneno kabisa: Mama, kuna dawa siku hizi. Lakini alisimama mlangoni akanitazama kama mtu aliyeonyeshwa shamba lake upya. Akavua shuka lake la mabegani, lile la Jumapili, akanifunika nalo. "Muthoni," akasema. Miaka miwili sijalisikia jina langu kinywani mwake! "Muthoni, mwari wangu." Binti yangu, yaani. Nikafungua mdomo. "Mama, kuna kitu—" "Nyamaza," akasema, "kazi yako umemaliza." Kisha akamchukua mtoto. Kwa mila yao msichana wa kwanza alikuwa achukue jina lake yeye, bibi mzaa baba, na nilijua alikuwa amelingoja jambo hilo tangu siku ya harusi. Akaliweka kando. Huyu, akasema, ataitwa Mukiri, na Mukiri kwa Kimeru ni yule anyamazaye. Mutwiri akakohoa sana, akatoka nje kutafuta mahali alipoegesha gari. Mukiri mwenyewe alilia miezi mitatu mfululizo, Kinoru nzima ilijua saa zake za kunyonya.

Uongo wangu ulikuwa mdogo, watu ndio walioukuza. Laare walianza kwa kusema sikulia. Kwa wauza ndizi ikawa nilicheka. Ilipowafikia wapakiaji wa miraa, nilikuwa nimezaa nikila chapati, nikajikatia kitovu kwa mkasi wa cherehani. Wajawazito wakaanza kuja chumbani kwangu, wanaletwa na mama zao, wamebeba mayai na ndizi, wanakaa kwenye benchi wanangoja siri. Ningefanyaje? Niliwapa ule ukweli niliothubutu kuutoa. "Nenda hospitali ile," niliwaambia, "na uende Alhamisi." Nilidhani wakifika watakutana na daktari, atawaeleza mwenyewe, na mimi nitakuwa nimetenda wema bila kufungua mdomo. Wao wakasikia Alhamisi tu. "Kwa nini Alhamisi?" mmoja akauliza, na kabla sijajibu mama yake akamwambia Mungu ana siku zake. Ilipofika Agosti, ukipita Kinoru Jumatano mchana ungewaona, wanne, watano, matumbo mbele, raba za waume zao miguuni, wanazunguka uwanja wakila nanasi, na bawabu amejifungia ndani. Nilikutana na Sista Gakii sokoni. Akaniambia daktari anashangaa: leba imejaa siku yake, na akimwuliza mtu kama anataka sindano, anatikisa kichwa, anauma shuka, anasema yeye anazaa kama Mama Mukiri. "Mama Mukiri ni wewe, sivyo?" akaniuliza, akinikazia macho. Nikanunua nyanya ambazo sikuzihitaji, nikaenda zangu.

Leo ni rahisi mtu kuniambia, si ungesema tu. Ebu njoo ukae pale nilipokaa. Nikienda Laare nilikuwa nawekwa karibu na mama mkwe mezani, mukimo wangu unapakuliwa kwanza, ule wa katikati ya sufuria. Mutwiri akiuliza jambo la shamba mama alimjibu, "Muulize Muthoni." Alinionyesha anakoficha ufunguo wa ghala, mahali ambapo hata wanawe hawakujua. Nilikuwa nakula uongo wangu na unaninenepesha. Nilipompeleka mtoto Majimbo, mama yangu alinipikia njahi na ndizi, akaniuliza nililia vipi, na niliposema sikulia akaweka mwiko chini. "Nikulee vizuri namna hiyo, halafu uende kuninyamazia?" Nikamweleza habari ya sindano. Alicheka hadi akashika friji asianguke. Kisha akajifuta macho akasema, "Mwambie mama yako wa Meru. Njia ya mwongo ni fupi." Nikamwambia nitamwambia nikirudi. Nilirudi, nikapakuliwa mukimo, nikala.

Mwezi wa Novemba akaja Kawira. Kawira ni kitinda mimba wa mama mkwe, alikuwa na miaka ishirini na mbili, mimba ya kwanza, mume wake akifanya kazi mbali, na alikuwa amesikia habari zangu mezani kila siku tangu Mukiri azaliwe. Nikamtandikia kwenye chumba cha kushonea. Asubuhi ya pili niliingia nikamkuta amekaa mbele ya kioo, amejibana masikio kwa vibanio vya kuanikia nguo, macho yamejaa machozi, anahesabu kimoyomoyo. "Unafanya nini, Kawira?" "Mazoezi." Siku iliyofuata ilikuwa pilipili nzima nzima, anatafuna bila kupepesa jicho. "Wewe ulianza na nini?" akaniuliza. Nikamwambia, Kawira, sikiliza, si kila mwili ni sawa, kuna dawa hospitalini, mtu akihitaji. Akanitazama kwa huruma. "Wewe ni mnyenyekevu sana," akasema. Mama mkwe naye akaja kungoja siku, akalala kitanda cha pili humo humo, na kutoka hapo sikupata tena nafasi ya kusema, au tuseme ukweli, sikuitafuta.

Alhamisi yake ilifika Desemba. Tuliingia hospitali asubuhi, na kwa kuwa Sista Gakii alitufumbia macho, tuliruhusiwa ndani wawili, mimi na mama. Wale kina mama wawili wa kanisa walikuwa kwenye benchi lao nje. Kawira hakulia. Saa nne, saa sita, saa nane, hakulia. Midomo ilikuwa imevimba kwa kuumwa, uso umekuwa rangi ya majivu, na kila uchungu ulipokuja aliutazama ukuta kana kwamba ukuta ndio unamzaa yeye. Mama alikuwa amesimama amenyooka kama askari. Mimi nilikuwa naangalia ile mashine ya presha, maana kila sista alipoipima alikuwa anaandika haraka zaidi. Kama saa tisa daktari akaja, akaipima mwenyewe mara mbili, akavuta kiti. "Presha yake inapanda na uchungu unaisukuma," akasema. "Sindano ya mgongo ingeituliza. Ikiendelea kupanda itabidi apasuliwe, na kumpasua mtu mwenye presha hii ni kitu naogopa. Na nikiondoka saa kumi, mwenye sindano mwingine hakuna hadi Jumanne." Mama akasema, "Hataki," kwa ile sauti yake ya kujivuna, lakini mkono wake ulikuwa umeishika kwa nguvu reli ya kitanda. "Mama Mukiri hakudungwa," Kawira akasema kupitia meno.

Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku yangu mwenyewe. Niliona nikisema, ule mukimo umekwisha, jina langu limekwisha, narudi kuwa huyu wa Embu mpaka kufa. Na nikanyamaza. Nakiri, nilinyamaza uchungu mzima ukaja ukapita, nikimtazama msichana wa watu akiteseka kwa ajili ya sifa zangu. Kisha nikasema.

"Kawira, mimi nilidungwa."

Akageuza kichwa.

"Nilidungwa sindano. Na daktari huyu huyu, kwenye chumba hiki hiki. Nililia saa nne kabla hajafika, nikatukana watu. Baada ya hapo sikusikia kitu. Mimi si jasiri. Mimi ni mwongo."

Daktari akanitazama juu ya miwani. "Kumbe Mama Mukiri ndiye wewe?" akasema. "Wewe wa sketi ya marinda?"

Kawira akaniita kwa kidole. Nikainama karibu ili anisikie vizuri, nikidhani anataka kuninong'oneza. Akanizaba kofi. Kofi la mtu mwenye afya, lililolia hadi benchi la nje. Kisha akajilaza ubavu, akasema, "Nipeni hiyo sindano."

Mama mkwe akaiachia reli. Alirudi nyuma, akakaa kwenye kiti cha plastiki cha pembeni, mkoba magotini, na mimi nikasimama ukutani na shavu langu, sithubutu kumtazama. Wakamkunja Kawira mgongo, wakamdunga. Tukangoja. Presha ikaacha kupanda. Baadaye ikaanza kushuka, daktari akashusha pumzi, akaangalia saa, akavua koti lake akalitundika tena. Kawira akafungua macho. "Bado nimekukasirikia," akaniambia, kisha akauliza kama kuna mtu ana kitu cha kula. Mashine ikachora mlima mkubwa kuliko yote ya siku hiyo, naye anaendelea kuuliza habari ya chakula. Mama akainuka, akaenda mpaka kwenye mashine, akautazama mstari, akamtazama binti yake, akautazama mstari tena.

"Hii ni uchungu yake?" akauliza.

"Ndio huo, mama," Sista Gakii akasema.

"Na hasikii?"

"Nasikia kama mtu anasukuma kitanda," Kawira akasema.

Mama akanigeukia. Nikajiandaa kuondoka Kinoru, Meru na dunia. Lakini hakuuliza nilichotarajia. "Huyo Mukiri," akasema, "ulimuona akitoka?"

"Nilimwona, Mama."

"Uso?"

"Uso wote."

Akakaa. "Mimi nimezaa saba," akasema. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia mara mia, lakini siku hiyo hayakuwa ya kujisifu. Alisema polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau mahali. "Saba, na hakuna hata mmoja nilimuona akitoka. Nilikuwa nimefunga macho. Nimeuma kitambaa, nimefunga macho, nangojea iishe watu wasisikie. Nikifungua, nakuta wameshamwosha."

Sista Gakii alikuwa anavaa glavu. "Basi simama hapa, mama," akasema, akimwonyesha mahali, karibu na goti la Kawira. "Ukiwa hapa utaona."

"Hapo si mahali pangu. Mimi ni wa benchi."

"Simama, Mama," Kawira akasema.

Akasimama. Alisimama ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, kitambaa cha kichwa kimeteleza upande, naye hakukiweka sawa. Kawira akasukuma alipoambiwa, akapumzika alipoambiwa, akasukuma. Mara nne, mara tano. Kisha nikaona macho ya mama mkwe yakipanuka. Kichwa kikatoka, kikageuka polepole kuelekea upande wake, uso mdogo umelowa, macho yamefumba, na mama mkwe wangu, mwanamke aliyezaa saba bila mguno, akapiga ukemi ambao sijapata kuusikia kwa mtu yeyote, Embu wala Meru. Aliangusha mkoba. Alilia kwa kinywa wazi, mikono kichwani, "Uui! Uui, tazama! Tazama yeye!" na daktari, aliyekuwa ameinama akiangalia mashine, aliruka akagonga kichwa kwenye taa. Mtoto alikuwa msichana. Alilia pia, lakini hakuna aliyemsikia.

Tulipotoka nje, mama mbele, mimi nyuma yake nimebeba mkoba, wale kina mama wawili walikuwa wameshasimama. Mmoja alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Mwingine akamshika mama bega, kwa sauti ya msiba. "Pole, Mama Mutwiri," akasema. "Tumesikia. Kawira amelia."

Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema ni mtoto, au ni mtu wa kitanda cha pili. Angeweza kunigeukia mimi na kusema ni huyu wa Embu, wala nisingekataa. Hata machozi hakuyafuta.

"Si Kawira," akasema. "Ni mimi nimelia."

Wakamtazama. Akawasogeza kidogo, akakaa katikati yao kwenye benchi, akaendelea kulia, kwa sauti.